Mikono ya Mwenyekiti wa Wodi

Nyie mnaoanza kazi ya uuguzi sasa mmekuta mambo mazuri. Sanitaiza imefungwa ukutani, glavu zipo za kila saizi, na mkichoka mnaandika kwenye grupu la simu kwamba mmechoka. Siwaonei wivu, maana mmekuta pia balaa ambalo sie tulipoanza lilikuwa bado changa. Wadudu wa siku zetu ukiwapiga sindano walikuwa wanakufa. Wa kwenu wanaichungulia dawa, wanaizoea, halafu wanaendelea na shughuli zao.

Mie ni Sista Yustina, mstaafu. Nakaa Chamazi na kuku wangu, na siku za mechi nasikia kelele za goli kutoka uwanjani kabla jirani hajaliona kwenye televisheni yake, jambo linalomkera sana. Ni Mhaya wa Muleba, kwa hiyo nikijisifu kidogo humu mnivumilie. Karibu maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza kwenye hospitali moja ya upande wa Temeke, sitaitaja jina, na miaka ya mwisho nilikuwa nasimamia kuzuia maambukizi wodini. Kwa lugha rahisi, nilikuwa yule mtu ambaye madaktari wakimwona anakuja wanakumbuka kunawa.

Wengi wenu mnadhani vita ya usugu wa dawa inapiganwa famasi. Sawa, mtu asimeze nusu dozi akamwachia mdogo wake nusu nyingine, na duka la dawa lisiuze antibayotiki kama linauza pipi. Lakini mdudu sugu akishaingia wodini, kinachobaki ni mikono. Hana miguu wala mabawa. Anabebwa, na anayembeba mara nyingi ni mtu mwema mwenye haraka.

Hilo nilifundishwa na Sista Mwanahamisi, aliyekuwa mkuu wa wodi nilipoajiriwa. Alikuwa mwanamke wa Kisarawe, mfupi, mwenye sauti iliyokuwa inatangulia kufika kabla yake. Siku moja nikiwa nakimbia na sinia ya bandeji akanisimamisha katikati ya wodi, akaniuliza taratibu, "Yustina, mikono yako saa hizi ni ya nani?" Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni yangu. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Halafu akanieleza kwamba ukishamgusa Juma, mikono yako ni ya Juma. Ukienda nayo kwa Hamisi, umempelekea Hamisi kila alichonacho Juma. Mpaka unawe ndipo inarudi kuwa yako. Tangu hapo akiniuliza nilikuwa namjibu, "Ya kitanda cha dirishani, sista," huku tayari naelekea kwenye sinki.

Wakati huo kwenye sinki palikuwa na taulo moja. Madaktari wakimaliza raundi walikuwa wananawa kwa sabuni vizuri kabisa, vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, kisha wote wanajifuta kwa taulo hilo hilo lenye unyevunyevu tangu asubuhi. Sista Mwanahamisi alilalamika kwenye vikao akachoka. Basi asubuhi moja akachukua mkasi akalikata taulo vipande, akampa mtu wa usafi akafutie madirisha. Daktari bingwa aliponawa akageuka na mikono inachuruzika, akatafuta taulo kulia na kushoto. Akaambiwa, "Itikise tu, daktari, joto la Dar litamaliza." Akaitikisa. Wiki iliyofuata taulo za karatasi zikaletwa, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Na kwa kuwa nimefika kwenye mikono, niseme la glavu nipumue. Glavu si ukuta. Nimewahi kumkuta dada mmoja amevaa glavu amefunga kidonda, kwa glavu hizo hizo akapokea simu, akafungua mlango, akamrekebishia mgonjwa mwingine mto, na akanitazama usoni kwa amani kabisa kwa sababu amevaa glavu. Glavu zinamlinda aliyezivaa. Anayeguswa nazo hazimlindi kitu.

Sasa niwape kisa chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wodi ya mifupa si kama wodi nyingine. Mtu wa malaria analala siku chache anaondoka. Mtu wa mfupa anahamia. Ndiyo maana wodi yetu ya wanaume ilikuwaga na mwenyekiti. Hakuteuliwa na hospitali wala hakupigiwa kura. Alikuwa mgonjwa aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake na anayeweza kusimama. Mgonjwa mpya akiletwa, mwenyekiti ndiye anayemkaribisha, anamwelekeza choo, anamnong'oneza nesi gani mkali (nilikuwa mie), na anamtambulisha kwa kila kitanda kwa kupeana mikono. Na mtu akiruhusiwa haondoki kimya kimya. Anapita kitanda kwa kitanda, anaaga kwa mkono. Ukiondoka bila kuaga, wodi nzima inakusema mpaka usiku.

Miaka ninayoisimulia, mwenyekiti alikuwa Mzee Sefu, fundi wa kuunda bodi za malori kule Chang'ombe. Bodi liliteleza kwenye jeki likamvunja mguu, mfupa ukatokeza nje. Alikuwa amewekewa vyuma vya kushikilia mfupa, vile vinavyotokeza nje ya ngozi, naye akavizoea mpaka akawa anatembea na magongo yake wodi nzima huku anawatania watu. Wodi ilimpenda. Mie pia nilimpenda, ingawa alikuwa ananiita Polisi.

Basi vidonda vikaanza kugoma. Mgonjwa mmoja kidonda kilichokuwa kinakauka kikarudi kutoa usaha. Mwingine naye, upande wa pili wa chumba. Maabara wakachukua usaha wakauotesha kuona ni mdudu gani, majibu yakaja ya aina moja: mdudu yule yule, na karibu kila dawa waliyomjaribia imeshindwa, isipokuwa moja ya mwisho, ya dripu, ambayo inatolewa kwa wiki nyingi na inampa mtu kichefuchefu cha kutosha. Mguu wa Mzee Sefu ulikuwa naye pia.

Tukasafisha kitoroli cha kufungia vidonda. Tukachemsha mikasi upya. Tukabadilisha matambara ya deki, nikasimama kwenye sinki kama mwalimu wa zamu, kila anayepita ananawa. Wakapatikana wagonjwa wengine wapya. Kilichonichanganya ni kwamba mdudu alikuwa anaruka. Angeenda kitanda kwa kitanda ningemwelewa. Huyu alikuwa anachukua kitanda cha mlangoni, anaacha watatu wa katikati, anamchukua wa upande wa pili.

Mchana mmoja, saa ya kuona wagonjwa, nikavuta stuli nikakaa pembeni nikijifanya nakunja bandeji. Wake na dada wakaingia na hotipoti zao, kila mmoja akaenda kwa mtu wake. Wale wenye ndugu wakazungukwa. Wale wasio na ndugu wakageukia ukutani, kama kawaida yao saa hiyo. Ndipo Mzee Sefu akaanza raundi.

Kwanza alijikuna kwenye bandeji, pale vyuma vinapoingilia ngozi. Kisha akaenda kwa mzee mmoja aliyeletwa kutoka Tunduru, akainua shuka, akakibonyeza kidonda chake kwa vidole, akamwambia kinakauka hiki, wala usiwe na wasiwasi. Akamgeuzia mwingine mguu akauweka juu ya mto. Mwisho akafika kwa Baraka. Huyu alikuwa kijana wa bodaboda wa Kipawa, mama yake yuko Kasulu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushika mfupa, kuanzia vidoleni mpaka juu ya viwiko. Mzee Sefu akakaa kitandani kwake, akakata tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea mdomoni kama mtu anayemlisha mwanawe.

Nikaelewa pale pale. Wote waliopata mdudu, ukimtoa yeye mwenyewe, walikuwa wale wasio na mtu mjini. Mdudu alikuwa anafuata huruma ya Mzee Sefu, na huruma yake haikuwa inaruka kitanda chochote chenye mpweke.

Baraka tulimpima, alikuwa bado salama. Alikuwa anasubiri kupasuliwa awekewe vyuma ndani ya mikono, na mdudu kama huyu akikaa juu ya chuma ndani ya mwili, hatoki mpaka chuma kitoke. Daktari wetu wa mifupa, kijana makini sana, akasema wenye mdudu wasioweza kutembea watengwe kona moja ya wodi, na Mzee Sefu ahamishiwe chumba cha pembeni leo hii. Alikuwa sahihi. Mie nilitaka nikazungumze na mzee kwanza, lakini nikaitwa kikaoni, na huku nyuma wahudumu wakakisukuma kitanda, wakabandika kadi nyekundu ya onyo mlangoni, na mzee alipouliza wakamjibu ni amri ya daktari.

Nilipotoka kikaoni nikakuta wodi nzima imeshapata habari. Watu waliokuwa wanapita kwenye korido walikuwa wanauambaa ukuta wa upande wa pili. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa amesimama nje ya kile chumba ameshika hotipoti kwa mikono miwili, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Nikamwingiza mwenyewe. Mzee Sefu alikuwa ametazama ukutani, na hakugeuka.

Kesho yake nikamkuta amevaa suruali, mguu mmoja wa suruali umechanwa kupisha vyuma, na kofia yake kichwani.

"Mie naondoka, Sista," akasema. Hakuniita Polisi.

Nikamwambia wazi kwamba dawa ile ya dripu ndiyo pekee inayoweza kuuokoa mguu wake, na haitolewi nyumbani. Akitoka leo, mguu utakatwa, na hata huko kukatwa anaweza asifike. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Niambie ukweli. Mie nimefanya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia ile kujikuna mpaka lile tonge la ugali. Akaitazama mikono yake, mikono mikubwa ya fundi, yenye makovu ya moto wa kuchomelea, kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

"Kwa hiyo wale wenzangu, mie ndiye niliyewaharibia."

Hapa ndipo nawaomba nyie vijana msome polepole. Ukimwambia mgonjwa kwamba anabeba mdudu sugu, usimwachie abebe na msalaba wa lawama. Nilimwambia, "Mzee Sefu, wewe ulikuja hapa na mguu uliovunjika tu. Mdudu hukuja naye kutoka Chang'ombe, ulimpata humu humu ndani. Na kulisha watu haikuwa kazi yako, ilikuwa kazi ya hospitali. Umeifanya kwa mapenzi, bila mtu hata mmoja kukufundisha kunawa katikati. Wewe ni wa kupewa pole."

Akainamisha macho kwenye vyuma vyake. Nilidhani anafikiria mguu wake. Kumbe sivyo.

"Na Baraka," akauliza, "jana jioni kalishwa na nani?"

Nikatoka kwenda kuangalia. Bakuli la uji wa Baraka wa asubuhi lilikuwa juu ya kabati lake, limefunikwa, uji umeganda, na kijana yuko pembeni anasikia harufu yake tu. Jana jioni alikuwa amenyweshwa maji na mgonjwa wa jirani, basi. Nikanawa, nikatafuta uji wa moto, nikakaa nikamlisha mpaka akasema imetosha. Nikarudi chumba cha pembeni.

Nilimwahidi Mzee Sefu jambo moja. Kila mchana Baraka atakuja kusimama mlangoni mwake, na mzee atasikia kwa masikio yake kwamba kijana kala. Siku asiyosikia, nitamfungulia mlango mwenyewe aende zake. Akanitazama kama anayepima chuma kwa macho. Halafu akavua kofia akaiweka juu ya kitanda. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Kutoka siku hiyo kulisha kukawa na watu wa zamu, na ndugu wa wagonjwa wengine tukawafundisha kunawa, wakaanza kusaidia hata wasio wao. Kadi nyekundu niliibandua. Badala ya rangi nikaandika maneno: Karibu, takasa mikono ukiingia, takasa ukitoka. Watu wakaacha kuuambaa ukuta. Bi Tatu akawa anaingia mpaka anasahau kutoka.

Na kila mchana Baraka alikuwa anasimama kwenye mstari wa utepe tuliobandika sakafuni pale mlangoni, mikono yake ya hogo imetangulia mbele.

"Shikamoo mwenyekiti. Nimepiga msosi, niko fresh."

"Marahaba. Umekula au umeshiba?"

"Nimeshiba, mwenyekiti."

Siku moja nesi wa zamu alichelewa, na Baraka naye akachelewa. Nilipopita nikakuta Mzee Sefu ameshaingiza mguu mmoja kwenye suruali. Sikucheka mbele yake.

Kunawa nilimfundisha mwenyewe. Fundi huwezi kumfundisha juu juu, anataka sababu. Aliuliza kwa nini spiriti na si mafuta ya taa, kwa nini lazima isubiriwe ikauke, kwa nini kidole gumba kinasahaulika. Mwisho akasema ni kama kupaka rangi bodi la lori, ukiruka pembe, kutu inaanzia pale pale. Mfano huo nimeutumia kwenye semina zangu zote tangu hapo, na sikuwahi kusema ni wangu, ingawa mie ni Mhaya.

Nikampa na lile swali la Sista Mwanahamisi. Nilijuta. Alimuuliza kila aliyeingia, mikono yako saa hizi ni ya nani, awe nesi, awe mpeleka chakula, awe mkewe na hotipoti yake. Daktari wetu kijana aliulizwa mlangoni, akasimama akafikiri, akasema kwa ukweli kabisa kwamba ni ya kitanda cha kwanza, akarudi kwenye chupa ya sanitaiza. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Si wote tuliowaokoa. Yule mzee wa Tunduru mdudu alishamshinda, tukamkata mguu. Mzee Sefu alikuwa ananiuliza habari zake kila siku, na siku hiyo aliniuliza pia. Nilimwambia. Alilia kwa sauti, nami nikakaa naye, sikumwambia anyamaze. Baadaye yule wa Tunduru mwenyewe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba asukumwe mpaka mlangoni kwa mwenyekiti. Walizungumza sana. Sikuwasikiliza, lakini niliwasikia wakicheka mara moja.

Wiki zikapita, dripu zikaisha. Maabara wakaotesha tena, na tena, hakikuota kitu. Kidonda kikafunga, vyuma vikatolewa. Daktari akamruhusu, na kwa wema wake akamwambia kile chumba kina mlango unaotokea koridoni moja kwa moja, hana haja ya kupita wodini.

"Niondoke bila kuaga?" Mzee Sefu akauliza.

Akaingia wodini na gongo moja. Wote wakageuza vichwa. Nilijua baadhi ya watu wanawaza nini, nami nilikuwa nawaza wao watafanya nini. Akasimama pale mlangoni kwenye chupa, akatakasa mikono, akaenda kitanda cha kwanza. Akampa mkono. Akarudi kwenye chupa. Akaenda kitanda cha pili. Akarudi. Nikaona gongo linamchosha, nikachukua chupa ndogo nikawa natembea naye. Nje bajaji aliyoitafuta Bi Tatu ilikuwa inapiga honi, naye mzee anasugua kidole gumba kana kwamba bajaji hiyo imekuja kumchukua mtu mwingine. Alipofika kwa yule mzee wa Tunduru walishikana mikono wakabaki hivyo.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Baraka. Alikuwa ameshapasuliwa, vidonda vyake vimefunga vizuri, na asubuhi ile walikuwa wamemfungua hogo la mkono wa kulia. Ulikuwa mkono mwembamba, ngozi imepauka, vidole bado vigumu. Akaunyoosha mbele. Wodi nzima ilikuwa inatazama.

Mzee Sefu akaurudisha mkono wake nyuma.

"Subiri kwanza, kijana," akasema. "Huu bado ni wa mzee wa Tunduru."

Watu wakacheka, na yule mzee wa Tunduru ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mzee Sefu akanipa kiganja nikammiminia. Akasugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akasugua gumba la kulia na la kushoto, akangoja ikauke. Honi ikalia tena. Baraka alikuwa bado amenyoosha mkono.

Ndipo akampa wake, na Baraka hakuuachia upesi.